Orodha ya Mei

Ashby Mills, Karolina Kaskazini
Februari 7, 2016

Kwa Shangazi Verdell,

Shikamoo shangazi. Nyonga inaendeleaje? Bernadine kanipigia simu kunishtakia kuwa binti yako amekununulia fimbo na wewe umeikataa, unashika kuta. Kuta za Filadelfia si zako, shangazi, shika fimbo! Sisi huku wazima. Nimeshahamia nyumbani kwako, na jiko nimelipaka rangi ileile ya njano, usije ukanisema. Mlango wa stoo bado unalia. Kila ukilia nageuka nikidhani unatoka na trei ya mkate wa mahindi.

Kazi imeniweka roho juu. Wamenipa usimamizi wa masomo wa wilaya nzima, na nilichokikuta hakinipi usingizi. Watoto wetu weusi ni nusu ya shule, lakini darasa la aljebra la darasa la saba lina watoto mia moja, na weusi ni tisa. Tisa, shangazi! Na asiyeingia pale, masomo makubwa ya mbele hayaoni. Mlango ni uleule wa enzi zako za ualimu: mwalimu wa darasa la sita anaandika orodha yake kila Mei, akuone unafaa au asikuone. Mimi nataka kila mtoto atakayepata themanini kwenye mtihani aingie, asisubiri kuandikwa na mtu. Kamati ya shule inapiga kura Juni 14. Wajumbe saba: watatu wangu, watatu hawataki hata kunisikia, na Mchungaji Gadsden anayumba. Anasema walimu wanawajua watoto kuliko karatasi.

Najua nakala za orodha zako zimo kwenye lile kopo la biskuti, stoo. Naomba ruhusa nilifungue, niwaonyeshe mambo haya yalianzaje.

Mwanao,
Renetta


Filadelfia
Februari 19, 2016

Renetta mwanangu,

Marahaba. Nyonga ipo nami nipo, tunavumiliana. Na huyo Bernadine ni binti yangu mwenyewe, kwa hiyo acha kuzungusha maneno, mmenipangia njama nyote wawili. Fimbo ni ya wazee.

Baridi ya huku inaingia hadi kwenye meno. Juzi nilioka pai ya viazi vitamu, viazi vya dukani visivyo na utamu, nikala kipande kimoja nikalia kama mtoto. Nimeikumbuka nyumba. Nimeikumbuka zaidi shule yetu ya Mtaa wa Pinkney, kabla hawajaifunga mwaka 1969 na kutuchanganya na Wazungu. Hukuwahi kuiona. Vitabu vilitujia vimeshachoka huko shule yao, na majina ya watoto wao yameandikwa ndani ya jalada. Nilikuwa nawaambia wanangu, "Haya, andika jina lako chini ya hilo. Kwa wino. Kubwa! Kitabu kimemfikia mwenyewe." Ungewaona walivyokuwa wanaandika, ulimi nje. Arobaini darasani, na hakuna hata mmoja aliyetoka kwangu hajui kugawanya.

Wale wanangu wa Pinkney wamenikumbuka, Mungu awabariki. Agosti wanakutana, na chumba cha kusomea cha maktaba kitapewa jina langu. Jina langu ukutani! Nimeshashona gauni la zambarau.

Lile kopo liache. Ni karatasi kuukuu na mende. Washinde kwa akili yako.

Shangazi yako,
Verdell


Ashby Mills
Aprili 3, 2016

Shangazi,

Shikamoo. Natumai u mzima.

Nimelifungua. Nisamehe, au usinisamehe, yote sawa.

Orodha ya kwanza, Mei 1970, ina watoto weusi wanne. Inayofuata ina mmoja. Kisha hakuna. Hakuna, hakuna, mpaka unastaafu. Nilizipekua nikitafuta mwandiko wa mtu mwingine, mkuu wa shule labda, mtu wa kumlaumu. Mwandiko ni wako wote.

Nilipofika Mei 1983 nilikaa sakafuni. Kaka yangu Cleon alikuwa darasani kwako mwaka ule. Karatasi ya matokeo ya mtihani umeibana nyuma ya orodha: Cleon Pettiford, tisini na nane. Kwenye orodha yumo mtoto wa Kizungu mwenye sabini na nne. Cleon hayumo.

Mimi nilikuja nyuma yake miaka miwili, nikaangukia kwa Bi. Tuttle, Mzungu, ambaye mwaka mzima hakuweza kulitamka jina langu. Aliniandika kwa themanini na moja yangu. Nikaenda chuo kikuu. Cleon alikuwa na kichwa kunishinda mara mbili, na anatengeneza mafriji. Ni kazi ya heshima, sisemi. Lakini hakuichagua, aliiangukia.

Kwa nini, shangazi?

Renetta


Filadelfia
Mei 30, 2016

Renetta mwanangu,

Salamu zangu zimechelewa karibu miezi miwili, na afya yangu usiiulize leo. Barua hii nimeianza mara sita.

Wale wanne wa mwaka 1970 niliwaandika kwa furaha, nikiimba. Huko kwenye aljebra wakaketishwa nyuma, dirishani. Thomasina Boykin alikuwa akinyoosha mkono mpaka unakufa ganzi, mwalimu anauruka. Akikosea, darasa zima linacheka. Oktoba alikuja mlangoni kwangu na mkoba wake akaniambia, "Mwalimu, nirudishe nyumbani." Nyumbani kwake palikuwa darasani kwangu. Watatu waliobaki hawakufika Krismasi katika darasa lile, na yule mmoja wa mwaka uliofuata naye akarudi.

Nikaapa simpeleki tena mtoto wangu akachekwe. Wenye akili ndio niliowashikilia zaidi. Baada ya masomo nilifunga mlango nikawafundisha aljebra mwenyewe, wakaijua vizuri kabisa, na nikajiona shujaa. Lakini aljebra yangu haikuwa na cheti. Walipofika juu waliambiwa hawajaisoma. Niliona hilo, Renetta, nikaendelea. Hiyo ndiyo dhambi yangu, si ule mwaka wa kwanza.

Cleon alikuwa damu ya kaka yangu, na alikuwa na kigugumizi. Nilijua watamla mzima. Nikamwambia, "Wewe utakaa na mimi, baba." Hakuniuliza kitu. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Haki ya Mungu nimelia, lakini aliyelipa ni yeye.

Mpe Cleon aisome hii kwanza. Kisha isome mbele ya kamati, yote, na jina langu. Mwambie Gadsden, mtoto hufungiwa mlango hata na mwalimu anayempenda. Chumba kikikosa jina, basi, kikose. Gauni nitalivaa kanisani.

Shangazi yako


Ashby Mills
Juni 16, 2016

Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa kungoja. Bernadine kasema huli. Tafadhali kula.

Nilimwita Cleon jikoni kwako nikampa barua. Aliisoma amesimama, kofia ya kazi kichwani. Kisha akauliza, "Ti-tisini na nane zimetoka wapi?" Barua yako haikuzitaja, mimi ndiye niliyeropoka kabla hajamaliza kusoma. Nikamwonyesha karatasi. Aliishika muda mrefu mno.

Akasema, "Netta, mimi nilifeli. Najua nilifeli. Ndiyo maana hakuniandika. Ndiyo maana sikumuuliza."

Miaka thelathini na mitatu, shangazi, kaka yangu amekuwa akiamini alifeli. Akakaa juu ya sanduku lake la vifaa akalia, na mimi nikalia, mpaka mlango wa stoo nao ukalia. Tukacheka kidogo kwa sababu yake.

Juni 14 sikuisoma mimi. Alisimama mwenyewe akaisoma na kigugumizi chake, dakika ishirini nzima. Alipofika pale pa Thomasina, mama mmoja mtu mzima nyuma alisema kwa sauti, "Ndiye mimi." Gadsden alinyoosha mkono akiangalia chini. Wanne kwa watatu. Imepita.

Watu wa Pinkney wamesema kuhusu chumba watakaa wafikiri. Sikufichi. Na Cleon hajakusamehe, hilo nalo sikufichi. Lakini alipoondoka aliitoa ile orodha ya Mei 1983 kwenye kopo, akaniwekea mezani. Akasema, "Mtumie. Mwambie aniandike."

Nimeiambatanisha.

Mwanao,
Renetta


Filadelfia
Juni 24, 2016

Wanangu Renetta na Cleon,

Nawasalimu nyote. Nakula. Fimbo nimeipokea, na Agosti nitakuja nayo, wale wa Pinkney wanikaribishe wasinikaribishe. Thomasina nitamtafuta kabla sijakaa. Na wewe Cleon, sikuombi kitu. Nitakaa ulipo mpaka uniambie niondoke.

Orodha hii hapa. Nilifanya mazoezi kwanza kwenye bahasha kuukuu. Juu hapakuwa na nafasi, nilizijaza zote mwaka ule. Kwa hiyo nimeandika chini ya majina yao, kwa wino, kubwa: Cleon Pettiford, 98. Nimetia sahihi na tarehe ya leo, maana ya zamani ingekuwa uongo.

Shangazi yenu,
Verdell