Kijiti cha Kioo Darini

Dada Rehema, shikamoo!

Huku mlimani Mkuu ni baridi na mtori wa ndizi wa moto, na nimeponea chupuchupu! Kijiti changu cha kioo cha kupimia uchachu wa maji ya mfereji hukaa ncha yake ndani ya kichupa cha maji ya chumvi. Ikikauka, kazi imekwisha. Juzi mwenyeji wangu, Mama Aneth, alikionea huruma kukiona kimelowa. Akakifuta, akakipandisha darini juu ya moshi wa jikoni pamoja na mahindi ya mbegu, "kisiliwe na wadudu." Nilikikuta kimekauka kabisa, nikakilowesha usiku kucha nikimwomba Mungu. Asubuhi kikapima! Tulishangilia mpaka ng'ombe wakashtuka.

Sasa kila jioni huniuliza, "Mwanao amenyonya?"

Nimekukumbuka mno, dada. Mwambie mama aache kunidai mjukuu: yupo, ni wa kioo, na anapendwa.

Mdogo wako,
Elia