Paipu Inayokoroma

Nerima mwanangu,

Habari za Naivasha? Huku Nakuru tuko salama, hata samaki wa marehemu mama yako. Nimewahamishia tangi jipya, na paipu ya kutoa maji yanayozidi nimeifunga mwenyewe. Mara ya kwanza niliifunga kama ya sinki, maji yakafika kwa jirani yetu Adero. Akaja na ndoo akicheka: "Mzee, kwani ziwa limefika mpaka huku?"

Nikarekebisha. Unakumbuka ile ya zamani ilivyokoroma, mama akilalamika, nami nikimwahidi kuitengeneza kesho? Hii mpya haikuwa na sauti kabisa. Nilivumilia kimya hicho siku mbili. Leo nimefungua valvu zaidi, paipu ivute hewa. Inakoroma vizuri sana! Nimekaa hapo na chai yangu, nikasema: "Mama Nerima, nitaitengeneza kesho."

Baba yako mwenye soksi zilizolowa,
Wanyonyi