Simu ya Krismasi

Los Angeles,
9 Machi 1938

Kwa kaka yangu mpendwa Halvor,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini shemeji Inga amepona kile kikohozi, na kwamba theluji ya huko Minnesota imeanza kuwaachia njia ya kwenda kwenye zizi la ng'ombe. Mimi nakula, nalala, nafanya kazi.

Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imechakaa kwenye mikunjo. Unasema siku ya Krismasi Mama alitembea hadi dukani kwa Bwana Quist kunipigia simu, akanieleza kwamba Baba yu mahututi, nami nikamjibu, "Vizuri sana, Mama, nimefurahi!" kisha nikakata. Wiki ile ile mkamzika bila mimi. Umeniita jiwe. Sikulaumu, kaka. Ninachoomba ni usome hadi mwisho.

Unakumbuka nilivyokuja huku, kijana wa kuanguka kutoka kwenye farasi katika sinema, badala ya waigizaji wakubwa. Baba alicheka sana, akasema kumbe duniani kuna watu wanaoajiriwa kuanguka. Kisha mtu mmoja akaupenda uso wangu, jina la Torvald Brandvold likafutwa, nikawa Clifton Rayburn. Picha za sinema zenye sauti zilipoingia, wenzangu wengi walipotea, mimi sauti ikanibeba. Miaka kumi na moja, picha ishirini na tisa, na mabinti wa Ohio wakiniandikia kwa wino wa zambarau.

Mwaka juzi tulipiga picha ya vita. Baruti ilifukiwa kwenye handaki, fundi akakosea kupima hatua, ikalipuka karibu nami mno. Niliinuka, nikajipangusa vumbi, nikamaliza kazi ya siku. Hakuna aliyeniuliza kitu, nami sikusema kitu.

Sasa tuko kwenye picha ya mapenzi. Anayeigiza mama yangu ni Bi Philippa Dunmore, ajuza wa miaka sabini mwenye ulimi mkali na moyo laini. Alhamisi iliyopita tumekaa mezani, kamera inazunguka, taa kubwa ikalegea juu ya kichwa changu. Wananiambia watu wote walipiga kelele nitoke. Mimi niliendelea kumimina chai huku natabasamu. Bi Dunmore akajirusha juu ya meza, vikombe na yote, akanivuta kwa tai. Taa ikapasua kiti changu vipande viwili.

Mwongozaji wetu, Bwana Kessler, alikuja mbio, mweupe kama chaki, ananifokea. Bi Dunmore akaingia kati yetu, uso wake nauona kwa upande. "Mwache! Hasikii, bwana we! Miezi mitano namkanyaga mguu chini ya meza ajue zamu yake imefika. Wewe na macho yako yote hukuona?"

Hayo niliyasoma midomoni mwake. Halvor, mimi ni kiziwi. Ni tangu siku ile ya baruti.

Siku ya Krismasi katibu wangu, niliyemzoesha kuniletea kila ujumbe kwa maandishi, aliniandikia kwenye kikaratasi kwamba Mama yuko kwenye simu. Niliogopa kukiri kwamba sisikii. Habari ingevuja na kazi ingekwisha siku hiyo hiyo. Nikadhani ananitakia heri ya sikukuu. Nikakadiria muda wa mtu kumaliza salamu, nikajibu, nikakata. Ndivyo nilivyofurahia kifo cha Baba yangu. Uoga huo ni wangu, wala baruti haihusiki.

Wakubwa wa studio wameshasema hawatanipa picha nyingine. Bwana Kessler alichukua penseli akaniandikia pembeni mwa kurasa zangu za maneno ya mchezo: "Kumbe ulikuwa mwigizaji hodari kuliko nilivyojua." Nikalia mbele ya mafundi wa taa.

Tutamaliza Aprili, nami nitapanda treni kuja nyumbani. Tafadhali mweleze Mama yote, polepole, akiwa ameketi. Mwambie midomo ya watu wa huku naisoma vizuri, lakini ya kwake sijaiona miaka sita. Ana haki ya kunigombeza. Ila asinigombeze akiwa amenipa mgongo anakoroga sufuria. Asimame karibu na dirisha, mchana, anitazame usoni, wala asiharakishe. Sitaki kukosa hata neno moja.

Msalimie Inga, na kaburini kwa Baba unisimamie kidogo mpaka nifike.

Mdogo wako akupendaye,
Torvald