Kadi Kumi na Mbili za Nakonde

Jumatatu, 5 Oktoba 2009

Nimefungua duka saa mbili. Vumbi la malori lilishafika mezani kabla yangu. Nimefuta, nimechomeka pasi ya kulehemu, nimekaa.

Kompyuta ya kwanza imetoka Igamba, ya mwalimu wa sekondari. Inawaka vizuri, kisha skrini inajaa mistari ya kijani, kisha giza. Kadi ya picha, ile inayoendesha skrini. Niliijua kabla sijaitoa. Ni ya zile kumi na mbili nilizonunua Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mwezi wa sita. Kumi na moja nimezifunga kwa mikono yangu kwenye mashine za watu.

Hii ni ya nne kurudi. Nimemwambia mwalimu ni umeme. Labda ni umeme.

Jumatano, 7 Oktoba

Mbili tena. Moja ya stationari ya Isansa. Ya pili ni ya Yona, anayehariri video ya kwaya yetu. Uzinduzi ni Jumapili ya tarehe kumi na nane.

Si umeme. Nimezijaribu kwenye mashine yangu yenye stabilaiza ya kusawazisha umeme. Nimefuta programu ya kadi, nimeweka upya. Nimesafisha feni. Dakika ishirini safi, halafu mistari.

Yona alisimama mlangoni muda mrefu. "Dada Neema, kwaya nzima wananiuliza mimi. Na mimi namuuliza nani?"

Sikula mchana.

Alhamisi, 8 Oktoba

Nina wazo baya.

Mwezi wa saba nilivuka mpaka kwenda kumzika shangazi. Siku nne. Ufunguo wa stoo nilimwachia Mzee Siwale, fundi redio, tunayekaa naye baraza moja na kuimba naye kwaya moja, yeye besi. Yeye ndiye aliyenifundisha kulehemu, wakati wengine wanasema mwanamke ataunguza vidole tu. Leo dada muuza vocha ananiambia alimwona siku zile akitoka stoo na boksi.

Boksi la nini? Mbona hakuniambia? Kadi nzuri zikitolewa na mbovu zikiwekwa, nani angejua?

Nalichukia wazo hili. Haliondoki.

Ijumaa, 9 Oktoba

Nimelisema. Barazani, mbele ya wateja wake na wangu.

"Mzee, ulinibadilishia kadi."

Aliweka bisibisi chini. "Lile boksi lilikuwa la redio zangu mbovu, mwanangu. Kwangu kulikuwa kunavuja, nikaliweka stoo kwako siku mbili."

Kuvuja mwezi wa saba, mvua haipo. Nikamwambia hata uongo hajui kuupanga. Watu walicheka. Yeye alizima redio iliyokuwa inaongea, akachukua kofia, akaondoka.

Nilijisikia mwepesi. Kama kwa muda wa kunywa kikombe cha chai.

Jumamosi, 10 Oktoba

Meza yake haipo. Amebeba kila kitu alfajiri. Zimebaki alama nne za miguu ya meza kwenye saruji.

Jumatatu, 12 Oktoba

Niandike yote.

Kadi ya kumi na mbili haikuwahi kufika stoo. Niliiweka nyumbani tangu mwezi wa sita, kwenye mfuko wake uliofungwa, chini ya khanga. Leo nimeifungua, nimeifunga kwenye mashine yangu. Dakika ya ishirini na tano: mistari ya kijani.

Nimempigia fundi ninayefahamiana naye Mbeya, nikamtajia aina. "Hizo? Nina ndoo nzima hapa, dada. Hata Vwawa wanalia."

Nimechukua lenzi. Nilipaswa kuichukua wiki iliyopita. Kapasita, vile vipipa vidogo vya kutuliza umeme, vimevimba vichwa kama maandazi. Kimoja kimevuja maji ya kahawia. Kadi zilitoka kiwandani mbovu. Hakuna aliyebadilisha kitu.

Na dada wa vocha, nilipombana: bomba la mzee ndilo lililopasuka mwezi ule. Anakaa karibu naye, alijua. Ndiko "kuvuja" kwenyewe.

Nimekaa chini, sakafuni, mteja akapita akidhani nimefunga.

Jumanne, 13 Oktoba

Dawa naijua: kung'oa vile vilivyovimba, kuweka vizima. Hapa mjini havipatikani. Kopo lililojaa vizima, vilivyotolewa kwenye redio za zamani, liko kwa mtu mmoja tu.

Sitamwomba. Nitakwenda kuomba msamaha, basi. Nikichanganya mawili haya nitakuwa mtu wa hovyo zaidi ya nilivyo. Wanasema yuko Ndalambo kwa mdogo wake.

Alhamisi, 15 Oktoba

Nimemkuta anafyeka shamba. Nimepiga magoti, nimemwamkia, nimesema yote. Hakusimamisha panga.

Nilipomaliza akasema, "Yale uliyasema barazani. Haya wameyasikia ng'ombe tu."

Kisha akauliza mwenyewe, kifundi, ni nini kilichokuwa kinaua kadi. Nikamweleza. Akatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za mgonjwa.

"Kopo liko kwa mama watoto. Lakini waambie watu kwanza, fundi."

Fundi. Miaka yote ameniita mwanangu.

Ijumaa, 16 Oktoba

Nimewaambia. Asubuhi barazani: nilimsingizia Mzee Siwale, hakuiba, kadi zilikuwa mbovu tangu mwanzo. Dada wa vocha aliangalia chini. Jioni nikarudia mbele ya kwaya. Sauti ilinikatika katikati, nikaanza upya.

Mama Siwale amenipa kopo mlangoni. Hakunikaribisha ndani.

Kadi ya Yona nimeilehemu ya kwanza. Saa tatu mfululizo, hakuna mstari.

Jumapili, 18 Oktoba

Video imeonyeshwa yote. Watu wamecheza hadi vumbi limepanda. Safu ya besi ilikuwa na nafasi wazi. Mimi sikuweza kuimba, nilifungua mdomo tu.

Jumatatu, 26 Oktoba

Kadi zote kumi na mbili zimepona. Ya Igamba nimeipeleka mwenyewe, nikamwambia mwalimu haikuwa umeme.

Mzee Siwale amerudi mjini. Meza ameiweka ng'ambo ya barabara, karibu na mashine ya kusaga. Asubuhi nimevuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Akaendelea kupuliza vumbi ndani ya redio. Nimesimama kidogo. Kisha nimekwenda kufungua duka.