Doa Katika Chupa ya Mama Mdogo

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na hao watundu wenu. Natumaini barua hii itawakuta wazima. Mimi huku bweni mwili haujambo. Mama yuaendeleaje hapo kwako? Najua utaniambia magoti yamepona, uso umejaa mviringo, na majirani wanamsifu kwamba kanawiri. Hilo ndilo lililonifanya niandike. Simu ningepiga, lakini mama ndiye huwahi kuipokea.

Dada, haya masomo ya kemia ya dawa yananitia kinyaa. Maabara yetu inanuka mayai viza, na mwenzangu wa mezani, tunayemwita Domo, anakula mkate palepale penye sumu, nikimkanya ananicheka. Wiki iliyopita mwalimu alituagiza kila mmoja alete dawa ya mitishamba ya kwao tuipime. Mimi huyoo, kichwa juu, nikabeba ile chupa uliyonifungia ya Mama Mdogo, dawa yake ya viungo inayopangiwa foleni uani kwake. Nilijigamba, we acha tu. Nilimwambia Domo kwamba mama yangu alikuwa hawezi kuchuchumaa na sasa anafua mwenyewe.

Kipimo chenyewe si kigumu. Unadondosha tone la dawa kwenye kibao chembamba chenye unga mweupe, pembeni unadondosha dawa za hospitali za kulinganisha, kisha unakisimamisha ndani ya kimiminika na kila kitu kinapanda hadi kimo chake. Mizizi na majani huacha michirizi ya hovyo. Ya Mama Mdogo ilikuwa na michirizi, sawa, na katikati yake doa moja jeusi, kimo kilekile cha prednisoloni. Hicho ni kidonge cha hospitali, dada. Kinatuliza maumivu upesi, lakini kikinywewa miezi bila daktari kinavimbisha uso, kinapandisha sukari na kudhoofisha mifupa. Darasa liliangua kicheko. Mwalimu hakucheka, aliniuliza nani anakunywa uchafu huu. Nikasema sijui. Nikarudia kipimo mara tatu nikitaka doa liondoke, wapi! Mara ya tatu nilitoka nje nikatapika.

Nilikusudia kumtukana Mama Mdogo katika karatasi hii. Mtu kumsagia dada yake wa tumbo moja vidonge ndani ya maji ya mizizi, halafu anamwangalia usoni na kumwambia ni majani matupu! Ptuu! Lakini kikulacho ki nguoni mwako, na mdudu mwenyewe ni mimi.

Unakumbuka likizo ile nilipokuja na koti jeupe, nikakataa kulivua hata mezani? Mama Mdogo aliniuliza jikoni, huku anamenya vitunguu, ni kidonge gani kinachomwinua mgonjwa wa viungo kwa siku mbili. Nami kwa kutaka sifa nikamtajia, nikamwandikia na kipimo nyuma ya bahasha. Madhara sikuyataja, kwa sababu darasani tulikuwa bado hatujafika sura hiyo. Aliniambia nina akili, nikatembea na sifa hiyo wiki nzima. Leo nikijitazama kwenye kioo natamani kujitemea mate.

Sasa nisikilize vizuri. Chupa usiimwage. Mwili wa mama umeshaizoea, umeacha kutengeneza homoni yake wenyewe ya aina hiyo. Akiachishwa ghafla anaweza kuzirai, hata kufa. Mpeleke hospitali leo hii ukishamaliza kusoma, na chupa na barua hii, daktari aisome yote, pamoja na hapo nilipoungama habari ya bahasha. Yeye ndiye atakayempunguzia kidogo kidogo. Kabla hajasema neno, usimkatishe kijiko chake. Ona nilikofika, dada: nasomea kuponya watu, na nakuomba kwa mkono wangu mwenyewe uendelee kumnywesha mama uchafu.

Mwalimu nimeshamwambia ukweli. Kwa Mama Mdogo nitakuja mwenyewe Jumamosi, na wateja wake wote waambiwe mbele yangu.

Wabusu watoto, shemeji msalimie sana. Mama mwambie nampenda, ila asiniite tena Daktari mbele ya wageni.

Ni mimi,
mdogo wako wa mwisho