Zena hamwamkii mtu

Jumatano, 1974

Nilijua leo Zena atapigwa.

Mwenyekiti wa kijiji alipita kwenye kituo cha kulelea watoto ninapofanya kazi, watoto wote wakamwamkia isipokuwa Zena. Ana miaka mitano. Mama yake, aliyekuwa anatoka shamba la kijiji, akamzaba kofi mbele ya watu.

"Tangu tuhamie hapa amekuwa bubu! Na wewe, unawafundisha nini?"

Mimi si mwalimu. Nilimaliza darasa la saba, nikaambiwa nilee watoto wakati mama zao wanalima. 

Baadaye nilimkuta Zena nyuma ya kituo, amejikojolea. Nikamwosha, nikamuuliza kwa nini hamwamkii mtu.

"Shikamoo ya kwanza ni ya bibi."

Kule Malolo, kijiji chetu cha zamani, alikuwa akilala na bibi yake, na asubuhi humwamkia yeye kabla ya wote. Serikali ilipotuhamishia vijiji vya ujamaa, bibi alipewa kiwanja kijiji kingine. Zena bado anamngoja.

"Na wewe dada, utahama?"

Shangazi amenipatia nafasi ya kujifunza cherehani Mikumi. Natakiwa niondoke Jumamosi. Miezi mitatu namwomba Mungu nitoke hapa.

"Sihami," nikasema. Sijui kwa nini.

Akanitazama sana, kisha akapiga goti. "Shikamoo, dada."

Ningeweza kunyamaza. Nikaitikia marahaba, na hapo hapo nikajua kwamba Jumamosi sitakwenda popote.

Nimelia jikoni. Mama yangu alidhani namhurumia mtoto. Kumbe nilikuwa nimemkasirikia Zena kwa kunifunga hapa.