Mgeni Wangu Anamimina Chai Pembeni ya Kikombe

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, na nakuomba sana barua hii usiisome hewani, unijibu kwa njia nyingine yoyote, kwa sababu anayehusika tunasikiliza naye kipindi chako.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea sebuleni kwangu, redio ikiwa juu ya kabati la vitambaa. Mwezi huu mji wetu una mashindano ya ngumi na nyumba za wageni zilijaa, kwa hiyo kamati ikapita mitaani kuomba wenye chumba wapokee mabondia, na mume wangu, ambaye ni fundi wa kuchomelea na hajawahi kuombwa kitu na kamati yoyote, akakubali kabla hajaniuliza. Tukamhamishia binti yetu sebuleni, tukapewa kijana mmoja mrefu, mpole, majirani wakambandika jina la Nyundo, mimi ananiita mama, ananishikia kitambaa nikikata, akimaliza kula anaosha sahani yake mwenyewe, na nikikwambia nimempenda kama niliyemzaa usinishangae maana nyumba hii haijawahi kuwa na mtoto wa kiume.

Sasa mabondia wametawanywa nyumba mbalimbali na daktari wa timu ni mmoja, hawezi kuzunguka kote, kwa hiyo kila jioni anatupigia simu sisi mama wenyeji, anauliza mgeni amekula, amelala vizuri, ana malalamiko yoyote, na tukijibu hana neno anashukuru na kukata. Huo ndio mpango tuliopewa tangu siku ya kwanza, sisi ndio macho yake.

Jumapili Nyundo alishinda nusu fainali. Raundi ya mwisho alipigwa ngumi juu ya sikio akaenda chini, akainuka akiwa bado anahesabiwa, akamaliza pambano na kupewa ushindi kwa pointi, mtaa mzima ukaja kwetu, mume wangu akabandika picha yake kwenye mlango wa karakana, na mimi nikiwa nagawa soda nikamwona kijana ameinamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. Akaniomba nimzibie dirisha la chumba, mwanga unamchoma, nikamkatia kitambaa cheusi cha bitana nikakitundika. Asubuhi akashika chupa ya chai akamimina pembeni ya kikombe, mshauri, taratibu kabisa, chai ikatambaa mezani ikadondoka mapajani kwake na yeye anaendelea kumimina huku anakitazama kikombe, mpaka nikamshika mkono. Akasema, "Samahani mama, nimeona viko viwili." Tukacheka, na mimi ndiye niliyeanza kucheka.

Tangu hapo anatapika, anajifungia bafuni na kufungua bomba ili tusimsikie, vifungo vya shati anavikosea, jana amemwita binti yangu kwa jina la dada yake aliyeko kwao, kisha akaniuliza kama leo ndiyo fainali, nikamjibu bado, akaniuliza tena kabla sijamaliza pindo nililokuwa nalishona. Mazoezini anakwenda, lakini kocha anawapumzisha kwa ajili ya Jumamosi, wanatembea na kunyoosha viungo tu, kwa hiyo kocha haoni kitu. Nilipomwambia nitamweleza daktari akapiga magoti juu ya vipande vya vitambaa, mwanamume mzima, akasema, "Mama, akijua ananitoa. Mshindi anachukuliwa na klabu inayolipa mshahara, na nyumbani wote wananitazama mimi. Nifichie mpaka Jumamosi tu, Jumapili nitajipeleka hospitali mwenyewe." Nikaapa, mshauri, nikamwapia na kumpa vidonge vyangu vya kichwa.

Nikamgusia mume wangu, akasema, "Mtu amepigwa kichwani, ulitaka aumwe unyayo? Usimtie mkosi mtoto wa watu."

Kilichonimaliza ni mama yake mzazi kunipigia simu jana kunishukuru, hatujawahi kuonana hata siku moja, akaniambia, "Dada yangu, sauti yake naisikia nzito, lakini kwa kuwa yuko mikononi mwako mimi nalala," na mimi nikamwambia lala tu. Daktari naye nimemwambia hana neno jioni zote, na sasa nikisema ukweli ataniuliza kwa nini jana nilisema vile, na mtaa utasema nimemkatia kijana riziki. Pengine ni uchovu tu. Lakini hata kipindi chako siku hizi anataka redio iwe chini kabisa, na yeye ndiye aliyekuwa anakicheka kuliko sisi sote, hasa unapowagombeza waume za watu.

Nimekula kiapo kwa mgeni ndani ya nyumba yangu. Nikikivunja nimemharibia maisha, nisipokivunja naogopa hata kuandika. Nifanye nini?

Ni mimi, mama mwenyeji.

JIBU LA MSHAURI

Mama mwenyeji, uliniomba nisisome barua yako hewani na nimeisoma yote, nchi nzima imesikia. Hukuweka jina wala namba ya simu. Mlinzi anasema aliyeileta ni msichana, akaiacha getini na kuondoka mbio. Ningekupata wapi? Mlango pekee ulioniachia ni huu wa redio, nimeupitia. Ukinikasirikia njoo studio wiki ijayo, nitakupa kiti unigombeze mpaka utosheke.

Pole. Najua ulivyobanwa, na najua kijana mwenye adabu anavyoweza kumlegeza mama kwa neno moja tu. Pole yangu inaishia hapo.

Kabla ya kuingia hewani nilimpigia daktari ninayemwamini nikaanza kumsomea. Nilipofika kwenye chai alinikatiza akauliza huyo mtu yuko wapi sasa hivi. Kutapika hata sikukufikia. Anasema mtu aliyepigwa kichwani, akaona viwili, akaanza kusahau, huenda damu inavuja polepole ndani ya fuvu lake. Anaweza kulala kitandani mwa binti yako asiamke, Jumamosi ikiwa bado haijafika. Na akifika ulingoni, ngumi moja ya kawaida, ambayo siku nyingine angeicheka, inaweza kuwa ya mwisho kwake.

Unaniuliza kuhusu kiapo. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta unachoogopa hasa, nikakikuta chini huko umekificha: daktari atakuuliza kwa nini jana ulisema hana neno. Ndiyo, atakuuliza. Utamjibu, "Nilidanganya, daktari." Utaona haya, uso utawaka moto, kisha mtaendelea na mgonjwa. Sijawahi kusikia mtu aliyekufa kwa kuona haya.

Unasema unampenda kama uliyemzaa. Binti yako uliyemzaa angejimwagia chai mapajani huku anakitazama kikombe, ungemkimbiza hospitali bila hata viatu. Huyu umemkatia pazia jeusi na kumpa vidonge. Mgeni akiniomba chumvi nitampa. Akiniomba nimfiche hadi afe, nitamwambia nimekataa, na aninunie akipenda.

Na wewe baba, fundi wa kuchomelea, mwenye picha mlangoni. Unapowasha mashine yako unavaa miwani myeusi, maana unajua jicho likishaungua hakuna wa kuliunga. Kichwa cha mtoto wa watu unaona ni chuma? Bandua picha hiyo, funga karakana, katafute gari. Ulimkubali mgeni bila kumuuliza mkeo, basi leo fanya kazi ya mwenyeji.

Mama, sikiliza tufanye hivi. Vidonge viache kwenye droo. Kijana asilale, asiachwe peke yake, asipande pikipiki, asiambiwe atembee kidogo apate hewa. Piga simu kwa daktari wa timu sasa hivi, usingoje jioni akupigie yeye. Asipopokea usikae kumsubiri, nendeni hospitali kubwa iliyo karibu, na ukifika usianze kueleza habari za kamati na nusu fainali. Sema: amepigwa kichwani Jumapili, anaona viwili, anatapika, anasahau. Mkiambiwa mkae kwenye foleni, sema tena kwa sauti kubwa zaidi.

Akishapokelewa, mpigie mama yake. Ni wewe uliyemwambia alale. Mwamshe.

Sitakudanganya kuhusu riziki. Fainali ataikosa, na klabu huenda ikamchukua mwingine. Anaweza kukulaumu kwa miaka mingi, na ukikutana naye njiani akavuka upande wa pili asikusalimie. Vumilia. Nakuombea ulaumiwe naye mpaka uzeeke.

Sasa niongee na wewe, mwanangu. Nyundo, najua uko hapo karibu na cherehani na redio iko chini, kwa hiyo nitasema polepole. Huwa unacheka nikiwagombeza waume za watu. Leo ni zamu yako na sitakugombeza sana, maana naijua hofu ya kurudi nyumbani mikono mitupu wakati wote wanakutazama. Nina jambo dogo tu. Hapo mezani pana kikombe. Nyosha mkono ukishike mara moja, bila kupapasa.

Nakusubiri.

Ukikikosa, mama yako mwenyeji amekuona, usimlaumu kwa aliloandika. Inuka uvae viatu, akufunge kamba yeye. Na kama umekishika, vaa viatu vilevile, daktari ndiye atakayesema kama uko salama, si mimi wala kikombe. Mama yako aliyekuzaa hakuomba mshahara alipopiga simu jana. Aliuliza sauti yako mbona nzito.

Mama mwenyeji, hapa kwa kawaida huwa naweka wimbo. Leo siweki, usije ukasema ulisubiri uishe.